Je, wajua kwa nini filamu ya 1939 huweza kuwa na picha safi kuliko kipindi cha miaka ya 1990?

Anayeanza kubadilisha DVD zake kwa Blu-ray, diski iliyokuja baada ya DVD ikiwa na picha kali zaidi, hukutana mapema na jambo la ajabu. The Wizard of Oz, filamu ya 1939, inatokea kwenye skrini kubwa ikiwa safi kiasi cha kuonyesha mshono wa nguo. Kisha anaweka kipindi cha televisheni cha miaka ya 1990, na picha ina ukungu uleule wa siku zote. Iweje cha kale kikishinde cha juzi?

Jibu linalotolewa haraka ni kwamba filamu ya kale "imesafishwa kwa kompyuta", yaani mashine imechora upya vitu ambavyo kamera ya zamani haikuviona. Wazo hili limeenea sana, nalo liko kichwa chini miguu juu. Kamera ya 1939 iliviona vyote. Sisi ndio tuliokuwa hatujaonyeshwa.

Kosa linatokana na jinsi wengi tulivyokutana na filamu nyumbani: kwanza kanda ya VHS, kisha DVD, kisha Blu-ray, kila hatua bora kuliko iliyotangulia. Kwa mtazamo huo ni rahisi kudhani kwamba ukirudi nyuma zaidi ya VHS utakuta picha mbovu zaidi. Lakini kabla ya VHS kulikuwa na kumbi za sinema, na kumbi hizo zilirusha picha kutoka kwenye utepe wa filamu wenye upana wa milimita 35 ikajaa ukuta mzima bila mtu kulalamika. VHS ndiyo iliyoshusha ubora. DVD na Blu-ray zimekuwa zikipanda kurudi mahali ambapo filamu ilikuwapo tangu mwanzo, na DVD iliishia njiani.

Hesabu yenyewe iko wazi. DVD ya NTSC, mfumo wa televisheni wa Marekani, ina nukta 720 kwa 480, jumla 345,600. Ya PAL, mfumo wa sehemu kubwa ya Ulaya na Afrika Mashariki, ina 720 kwa 576. Blu-ray ina 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, na diski ya 4K hupita milioni nane. Negativu ya filamu, yaani utepe uleule uliopita ndani ya kamera, haina nukta kabisa. Ina chembe za kemikali zilizotawanyika ovyo na kubadilika zinapopigwa na mwanga, kwa hiyo kuilinganisha na tarakimu hizo ni kukadiria tu. Lenzi iliyotumika, aina ya filamu, kiasi cha mwanga, hata mkono wa aliyerekebisha fokasi, vyote vina usemi. Hata hivyo, negativu nzuri ya milimita 35 huskaniwa (husomwa na mashine iwe picha ya kompyuta) kwa 4K kwa sababu ukishuka chini ya hapo kuna vitu vinavyopotea. DVD haikukaribia hata nusu ya safari hiyo.

Chukulia barua iliyotolewa fotokopi. Kopi imefifia na herufi ndogo zimeungana. Ipeleke kopi hiyo kwenye mashine ghali kuliko zote, nawe utapata kopi bora kabisa ya herufi zilizoungana. Lakini kama barua yenyewe ingali kwenye faili, hakuna haja ya kuhangaika na kopi: itoe, iweke kwenye mashine mpya, na kila neno litasomeka. Umri wa barua hauna neno hapa. Barua ya miaka themanini iliyoandikwa kwa wino mzito hutoa kopi nzuri kuliko ya jana iliyoandikwa kwa kalamu inayokaribia kuisha. Yanayoamua ni mawili: maandishi yalikuwa makali kiasi gani siku yalipoandikwa, na je, barua bado ipo?

The Wizard of Oz inapita mitihani yote miwili. Kamera ya Technicolor, mfumo wa zamani wa kupiga filamu za rangi, iligawa mwanga kwenye negativu tatu, kila moja ikibeba sehemu yake ya rangi, na kwa ajili ya Blu-ray ya 2009 negativu hizo ziliskaniwa kwa 8K, yenye nukta mara nne ya 4K. Lawrence of Arabia ya 1962 ina bahati zaidi, kwani ilipigwa kwenye negativu pana ya milimita 65.

Vipindi vya televisheni ndivyo vinavyotatiza. Vingi vilirekodiwa moja kwa moja kwenye kanda ya video, na kwa hivyo hakuna kilichobaki cha kuskani. Vingine vilipigwa kwa filamu lakini vikahaririwa kwenye kanda ili kuokoa muda na pesa. Mfululizo wa safari za angani wa Star Trek: The Next Generation ni wa kundi hilo la pili. Ili uwekwe kwenye Blu-ray, kuanzia 2012, ilibidi negativu zitolewe ghalani, vipande viunganishwe upya katika vipindi 178, na picha za vyombo vya angani ziunganishwe tena, kwa kuwa picha hizo zilikuwa zimekamilishwa kwenye kanda. Ni vipindi vichache vilivyowahi kugharamiwa kiasi hicho.

Filamu ya 28 Days Later ya 2002 inakupa pande zote mbili ndani ya diski moja. Sehemu yake kubwa ilirekodiwa kwa kamera ya video ya Canon XL1, yenye ubora wa DVD tu, kisha mwishoni ikahamia milimita 35. Kwenye Blu-ray mpaka huo hauhitaji kuoneshwa kwa kidole.

Vipi kuhusu deki zinazodai "kupandisha" DVD hadi HD, yaani ubora wa Blu-ray? Zinafanya kazi ya heshima: hukadiria nukta za katikati kwa kuangalia majirani zake. Kilichopotea hakirudi. Ingawa, kwenye skrini ndogo na ukiwa umekaa mbali, huenda usione tofauti yoyote kati ya deki hiyo na Blu-ray halisi, na hapo kununua tena ni kutupa pesa.

Diski yenyewe nimeipita kwa makusudi, maana kazi yake ni kubeba. Leza ya DVD ina mawimbi ya nanomita 650, ya Blu-ray 405. Nuru hiyo fupi husoma mistari iliyobanana zaidi, na tabaka moja likapanda kutoka gigabaiti 4.7 hadi 25.

Halafu kuna malalamiko ya chenga. Watu hununua filamu ya kale, wanaona vidoa vidogo vikichezacheza, wanaamini diski ni mbovu. Zile ni chembe za filamu, na picha nzima imejengwa kwazo. Ukizifuta, unafuta na picha. Toleo la Blu-ray la Predator lililotoka 2010 lilisafishwa hivyo, nyuso zikalainika mpaka vinyweleo vikatoweka, na wapenzi wa filamu hawajalisamehe.

Kioja cha mwisho kinawahusu wenye DVD za PAL. Filamu hupigwa picha 24 kwa sekunde, lakini PAL hutaka 25, kwa hiyo kwa kawaida watengenezaji waliiendesha filamu yote haraka kwa takriban asilimia 4, na sauti ikapanda kidogo. Filamu ya dakika 120 iliisha kwa dakika 115 na ushei. Blu-ray husoma picha 24 kama zilivyo. Ukiona diski mpya imerefuka kwa karibu dakika tano, usitafute kipande kilichoongezwa. Toleo la zamani ndilo lililokuwa likikimbia.