Lisbon kwa Miguu: Mji Uliogawanywa na Asubuhi Moja

Kazi yangu ni ukarabati wa majengo ya kale katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, na mazoea ya kazi hiyo yamenifanya niusome mji mgeni kwa kuta zake kabla ya kuusoma kwa vitabu vyake. Lisbon nilikuwa na siku moja tu, nayo niliipanga kwa kufuata tarehe moja: 1 Novemba 1755. Asubuhi hiyo, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu walipokuwa wamejaa makanisani na mishumaa ikiwaka, tetemeko kubwa liliupiga mji. Bahari ilirudi nyuma kisha ikafurika hadi mitaani, na moto ukateketeza kwa siku kadhaa kilichosalia. Mwenye kuijua tarehe hiyo huweza kutazama jengo lolote akajiuliza kama ni la kabla yake au la baada yake, na mara nyingi ukuta wenyewe humjibu.

Nilianzia juu, kwenye ngome ya São Jorge, kwa sababu isiyo na utaalamu wowote ndani yake: kilima hushukika kwa urahisi kuliko kinavyopandika. Chini ya ngome ni Alfama, mtaa uliojengwa juu ya mwamba na kwa hiyo ukanusurika kwa sehemu kubwa. Jina lake linatokana na neno la Kiarabu la chemchemi ya maji moto, kwa kuwa Waislamu waliutawala mji huu kwa karne kadhaa hadi Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka mwaka 1147. Mzizi wa neno hilo ndio huo huo uliotupa Hamamni, mtaa wa kwetu wenye bafu za kale. Vichochoro hupinda, hukutana, huishia kwenye ngazi, na nyumba zimesogeleana kiasi cha kutiliana kivuli. Mtu wa Shangani, mtaa wa Mji Mkongwe, hapotei humo, au akipotea, hupotea kwa namna aliyoizoea.

Ukishuka hadi Baixa, kila kitu hubadilika ghafla: mitaa imenyooka kama iliyopimwa kwa uzi wa mwashi, na madirisha yanafanana nyumba hadi nyumba. Hapa ndipo mji ulipoanguka, na hapa ndipo waziri aliyekuja kuitwa Marquês de Pombal alipowakabidhi wahandisi wa kijeshi kazi ya kuuchora upya. Mitaa mingi ilipewa majina ya ufundi. Mmoja ni Rua dos Sapateiros, mtaa wa washona viatu, na aliyewahi kuvaa sapatu hahitaji mkalimani.

Lakini jambo kubwa la Baixa halionekani kwa nje. Ndani ya kuta wamesimamisha fremu za mbao zenye mihimili iliyopishana kama herufi X, kisha nafasi zikajazwa mawe na chokaa. Wareno huiita gaiola, yaani tundu la ndege. Nilibahatika kuiona wazi katika jengo lililobanduliwa plasta kwa ukarabati, nikaweka kiganja juu ya kiungo ambacho mbao mbili zilichongwa zikaumana. Jiwe hubeba uzito vizuri likikandamizwa, lakini likivutwa au kutikiswa hupasuka. Mbao hunyumbuka kidogo na kurudi, hivyo hata ujazo wa mawe ukimomonyoka, fremu huendelea kushikilia sakafu na paa. Aliyejenga nyumba ya fito na udongo analijua jambo hili, ingawa hakulipigia hesabu. Chini ya majengo hayo wamekita nguzo za msonobari katika ardhi yenye maji, na kati ya nyumba na nyumba wameinua kuta za kuzuia moto hadi juu ya paa. Kwa maoni yangu, saa moja ya kuuelewa ukuta huo ina faida kuliko foleni ya kupanda lifti ya Santa Justa.

Tahadhari moja kuhusu viatu. Njia za miguu zimetandikwa vijiwe vidogo vya chokaa nyeupe na vya basalti nyeusi, vilivyosuguliwa na nyayo hadi vikang'aa, nami nilianguka mbele za watu nikipanda kwenda Carmo. Kanisa hilo la watawa liliporomoka siku ile ile ya 1755; ujenzi wake ulianza tena, ukakoma mwaka 1834, na leo matao yake yamesimama bila paa. Walioamua kutoliezeka walifanya vyema.

Kutoka hapo nilitembea kuelekea magharibi hadi Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale, mtaa wa Janelas Verdes. Makumbusho mengi ya Lisbon hufungwa Jumatatu, kwa hiyo chagua siku nyingine. Nilichokifuata ni monstransi ya Belém, chombo cha dhahabu cha kuonyeshea Ekaristi, kazi ya Gil Vicente. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kukizunguka, kila mmoja na uso wake, wadogo kiasi kwamba nililazimika kuinama mpaka pumzi yangu ikatia ukungu kwenye kioo. Dhahabu yake ni ya kodi ambayo Vasco da Gama aliitoza Kilwa kwa vitisho vya mizinga mwaka 1502. Maandishi yanayokizunguka kitako yanamtaja mfalme Manuel aliyeagiza kitengenezwe, mwaka kilipokamilika, 1506, na kati ya hayo mawili, kwa tahajia ya Kireno, mahali dhahabu ilikotoka, yaani Kilwa.