Je, wajua kwa nini ukungu wa barafu kavu hutambaa jukwaani badala ya kupaa?

Pazia linafunguliwa, taa za buluu zinawaka, na wachezaji wa baleti wanaonekana kana kwamba wanaelea juu ya wingu jeupe linalowafika magotini. Wingu hilo halipandi hadi nyusoni mwao wala halifichi mandhari iliyochorwa nyuma yao, bali husambaa taratibu kama maziwa yaliyomwagika, hufika ukingoni mwa jukwaa, kisha hutiririka kuelekea chini. Moshi wa kuni hupaa, na mvuke wa chai hupaa vilevile. Kwa nini ukungu huu hutambaa?

Barafu kavu si maji yaliyoganda. Ni kaboni dioksaidi, gesi ile ile tunayoitoa tunapopumua na inayotia mapovu katika soda, iliyogandishwa hadi ikawa yabisi. Katika kanieneo ya kawaida ya hewa haiyeyuki. Inapofikia nyuzi 78.5 za Selsiasi chini ya sifuri hugeuka moja kwa moja kuwa gesi bila kupitia hali ya kimiminika, na ndiyo sababu ikaitwa kavu. Kilo moja tu hutoa zaidi ya lita 500 za gesi.

Wengi huamini kwamba weupe ule ndio gesi yenyewe, lakini kaboni dioksaidi haina rangi na jicho haliioni. Kinachoonekana ni maji. Fundi wa jukwaa hupasha maji katika pipa, hutia vipande vya barafu kavu katika kikapu cha chuma, kisha hukizamisha kikapu ndani ya maji hayo ya moto. Gesi hububujika kwa nguvu, na kila povu linalopanda hubeba mvuke wa maji ambao, kwa baridi kali iliyomo ndani ya povu, hugeuka papo hapo kuwa matone madogo mno. Ukitaka kuthibitisha kwamba maji ya pipani ndiyo yanayoleta ukungu, fikiria barafu kavu iliyotiwa katika mafuta ya kupikia: hububujika, lakini ukungu ni haba sana. Kwa sababu hiyo hiyo, maji yakishapoa wingu la jukwaani hupungua hata kama kikapu bado kimejaa.

Matone hayo huelea ndani ya gesi iliyo baridi kuliko hewa ya ukumbini, na kitu baridi kwa kawaida huwa kizito zaidi. Juu ya hayo, hata baridi ikiisha, kaboni dioksaidi yenyewe ina uzito wa takriban mara moja na nusu ya ule wa hewa. Gesi hushuka, nayo matone huburutwa pamoja nayo. Huko Bayreuth, Ujerumani, katika tamasha la kwanza la opera za Richard Wagner mwaka 1876, mvuke halisi wa maji ulitumika jukwaani; mvuke wa moto hupanda, na usingeweza kamwe kutandazwa sakafuni kama zulia. Hata mashine za kawaida za moshi wa maonyesho, zinazopasha mchanganyiko wa maji na kemikali ya majimaji iitwayo glikoli, hutoa moshi unaojaza ukumbi mzima, isipokuwa upoozwe kwanza.

Uzuri huu, hata hivyo, una hatari inayotokana na sababu hiyo hiyo, nami naona haisemwi vya kutosha. Matone yakipata joto hutoweka na ukungu hauonekani tena, lakini gesi hubaki palepale chini, ikikusanyika katika shimo la wanamuziki mbele ya jukwaa na katika vyumba vya chini. Hewa ya kawaida ina takriban asilimia 0.04 tu ya kaboni dioksaidi. Ikifika asilimia chache mtu huumwa kichwa, huhema haraka na kupata kizunguzungu, na ikizidi hapo huzimia. Mnamo Februari 2020, huko Moscow, watu watatu walifariki baada ya barafu kavu kumwagwa katika bwawa la kuogelea lililokuwa ndani ya jengo, ili tu kupamba sherehe kwa ukungu.

Nawaomba hasa wanaokodi ukungu huu kwa ajili ya maharusi wanaocheza “mawinguni” katika kumbi za Dar es Salaam na Nairobi wazingatie jambo hili, kwa kuwa watoto hupenda kujilaza ndani yake. Milango ifunguliwe na hewa ipite. Barafu yenyewe ishikwe kwa glavu nene, isifungiwe katika chombo kisichopitisha hewa, kwa maana gesi itakipasua, na isisafirishwe katika gari lililofungwa madirisha. Kifaa cha kupima gesi nacho kiwekwe chini, katika kimo cha mwanamuziki aliyeketi au mchezaji aliyelala sakafuni.