Bao la Radford: matope yalifanya nusu ya kazi

Ukitaja Hereford United 2, Newcastle United 1, ya Kombe la FA, tarehe 5 Februari 1972, wengi wanakumbuka shuti moja tu la Ronnie Radford, kisha wanasema bahati. Mimi sikubaliani. Bahati ilikuwepo, lakini tazama ule mkanda taratibu uone uwanja ulivyocheza.

Enzi hizo Ligi ya Uingereza ilikuwa na madaraja manne, timu 92. Newcastle ilikuwa daraja la juu kabisa; Hereford haikuwemo hata katika moja. Ilikuwa Southern League, ligi iliyo nje ya madaraja hayo, ambako mchezaji alikuwa na kazi yake nyingine. Radford alikuwa seremala. Usidhani lakini ni timu ya mchangani: kocha mchezaji wao, Colin Addison, alishawahi kuichezea Arsenal.

Mechi ya kwanza kati ya timu hizi, raundi ya tatu ya Kombe la FA, kule Newcastle, iliisha 2-2. Hapakuwa na kupigiana penalti. Sare ilimaanisha marudiano. Mvua ikaharibu Edgar Street, uwanja wa Hereford, mechi ikaahirishwa zaidi ya mara moja, mpaka ikaangukia siku ambayo timu nyingine zilikuwa zinacheza raundi ya nne.

Sasa matope. Pasi ya chini inafia njiani, na anayeisubiri anaachwa amesimama. Beki akitaka kugeuka, mguu wa kuegemea unazama au unateleza, kwa hiyo anayeamua kwanza ana faida kubwa kuliko anayefuata. Mpira nao unabeba maji na tope. Sheria ilitaja uzito wake mwanzoni mwa mchezo tu; dakika ya 80 hakuna anayepima. Timu yenye ufundi wa kugonga pasi fupi ndiyo inayoumia zaidi hapo, na hiyo ilikuwa Newcastle.

Hata hivyo dakika ya 82 Malcolm Macdonald wa Newcastle alifunga kwa kichwa, na ilionekana biashara imeisha.

Kama dakika tatu baadaye Radford anapambania mpira katikati, anaupata, anampa Brian Owen, Owen anamrudishia. Simamisha picha hapa. Ile pasi ya Owen haitambai. Inagonga bonge la tope na kuruka kidogo, ikimkuta Radford akiwa bado anakimbia. Bila bonge hilo mpira ungelala chini, na mpigaji wa umbali huo, kama mita 27, angelazimika kuuchokoa kutoka kwenye tope, aufukie au apaishe. Ulipoinuka, mguu ulipita chini yake bila kugusa ardhi. Mengine ni ya Radford mwenyewe: hakutuliza. Angetuliza, mpira ungezama. Kipa wa Newcastle, McFaul, aliruka, ukaingia juu pembeni, na watoto wenye makoti ya mvua wakamwagika uwanjani.

Watu wanasahau badiliko. Ruhusa ilikuwa mchezaji mmoja tu wa akiba, na Hereford walimtumia Ricky George kumpokea beki wa kulia Roger Griffiths, ambaye alikuwa amecheza na mguu uliovunjika. Dakika ya 103, katika muda wa nyongeza, George alipokea ndani ya eneo la hatari, akageuka, akapiga chini kuelekea nguzo ya mbali. Ni bao la mtu mwenye miguu mibichi kati ya watu waliokwisha kuchoka na tope. Kwa mtazamo wangu ndilo la akili zaidi kati ya yale mawili, ingawa halionyeshwi sana.

Raundi iliyofuata West Ham walitoka 0-0 pale pale Edgar Street, kisha wakashinda marudiano 3-1, mabao yote matatu ya Geoff Hurst. Kuingia Ligi wakati huo kulikuwa kwa kura za klabu, si kwa pointi. Kiangazi cha 1972 Hereford walipigiwa kura wakaingia, klabu ya Barrow ikatolewa. Barrow walirudi 2020. Hereford United yenyewe ilikuwa imeshavunjwa na mahakama tangu Desemba 2014.