Ndege ya gereji: uuze mradi uanze mwingine? Dhana potofu na ukweli

Kwa anayejiundia ndege hapa Mbeya, wazo la kuuza huja taratibu. Kiunzi kimekaa chini ya turubai, mvua za Novemba zinakaribia, na kwenye simu zimejaa picha za ndege nyingine iliyo nzuri zaidi. Maneno haya nimeyasikia mara nyingi. Mengine nimeyasema mwenyewe.

"Imebaki kidogo, mabawa yapo."
Mabawa ndiyo yanayoonekana, lakini muda unaliwa na injini, nyaya, mabomba ya mafuta, vyombo, kioo na rangi. Waundaji wa Marekani wana utani wao: asilimia 90 imekwisha, imebaki asilimia 90. Jiulize umekwamia wapi. Kama ni hela ya injini, hiyo ndege mpya nayo itakudai injini.

"Nikiuza, hela yangu inarudi."
Mnunuzi analipia vitu. Saa ulizogonga ribiti hazilipii, na hata vitu atavikata bei, kwa kuwa hajui umeficha nini ndani ya bawa lililokwisha kufungwa. Daftari la kazi, pamoja na picha za ndani ulizopiga kabla ya kufunga bati, vina thamani kuliko rangi mpya. Injini ukiiuza peke yake itaondoka haraka, ila kitakachobaki kitasubiri sana mteja.

"Mradi wa mtu mwingine hausajiliki."
Marekani, ili ndege ihesabiwe kuwa ya kujiundia, sheria inataka sehemu kubwa yake iwe imeundwa na watu wanaojifunza au kujifurahisha, na kazi ya mwenye mradi wa kwanza huhesabiwa humo. Hapa kwetu mlango ni TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Ugonge kabla ya kupokea hela ya mtu.

"Nitahamia ndege ya mbao, Sao Hill ipo hapo."
Hii niliiamini. Ukipita shamba la miti la Sao Hill, kule Mufindi, unaona misindano mpaka macho yanachoka, unajiambia bawa limepatikana. Lakini mbao inayochukuliwa kama kipimo katika ndege ni sprusi ya Sitka, kutoka pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Mwongozo wa ukarabati wa FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, unataka pete za ukuaji zisizopungua 6 kwa inchi, na nyuzi zisikengeuke zaidi ya inchi 1 katika urefu wa inchi 15. Msindano wa shambani hukua mbio, hivyo pete zake ni pana, na vifundo usiseme. Nilinunua ubao Mafinga, nikauchagua kama mtu anayechagua mchumba, nikaweka rula kwenye kichwa chake. Pete hazikufika hata nusu ya zinazotakiwa. Sasa ni rafu ya vikombe, na inabeba vizuri.

"Mchagua jembe si mkulima."
Shambani sawa. Kwenye ndege, jembe lisilofaa ndiyo sababu halali ya kuuza. Uwanja wetu wa ndege wa Songwe uko takriban mita 1,340 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyo na turbo, kifaa cha kusukumia hewa ndani ya silinda, hupoteza pale karibu asilimia 15 ya nguvu yake, na jua la mchana linaongeza hasara. Injini ndogo ya ndege kama Rotax 912 ya nguvu farasi 80 inabaki na kama 68. Ndege ya watu wawili iliyochorwa kwa ajili ya pwani itakula njia ndefu kabla ya kunyanyuka, na kupanda kwake kutakuwa kwa kusuasua. Hata hivyo piga hesabu ya injini kwanza: Rotax 914 yenye turbo huenda ikawa nafuu kuliko kuanza upya.

"Ikikaa haili kitu."
Inakula. Injini hushika kutu kwa ndani, na mirija ya mpira ya Rotax hubadilishwa kila baada ya miaka 5 hata kama injini haijawahi kunguruma. Yangu iko mwaka wa nne. Jumamosi nilitia mafuta ya kuhifadhi kwenye silinda, nikaziba matundu yote, nikarudisha turubai.