Michezo ya asili na afya ya wanawake Waaborijini: maswali na majibu

Kwa nini kuwahimiza hasa wanawake Waaborijini wa Australia wafanye mazoezi kwa kucheza michezo ya asili yao?

Kwa sababu wanakufa mapema mno. Takwimu rasmi za Australia za 2020 hadi 2022 zinakadiria kuwa mtoto wa kike wa wenyeji asilia wa nchi hiyo, Waaborijini na watu wa Visiwa vya Torres Strait, ataishi miaka 75.6. Wasichana wengine wa Australia wanakadiriwa kufika 83.8. Kisukari cha aina ya pili na magonjwa ya moyo na figo vinachangia sana pengo hilo. Tafadhali mtu asiseme ni uvivu. Bibi zao walitembea siku nzima wakichimba viazi vya porini, kisha wakanyang'anywa ardhi na kuwekwa kwenye makambi ya kugawiwa unga, sukari na majani ya chai.

Ni mchezo gani unaofaa?

Ipo mingi, Tume ya Michezo ya Australia imekusanya zaidi ya 100. Mimi ningeanza na keentan, uliochezwa na wanawake na wanaume kaskazini magharibi mwa jimbo la Queensland. Timu mbili zinawania mpira kwa mikono: wenzako wanarushiana, wapinzani wanajitahidi kuunasa hewani. Zamani mpira ulikuwa kipande cha ngozi ya kangaruu au ya posamu (mnyama mdogo wa mitini) kilichofungwa kwa kamba. Wachezaji huruka sana, ndiyo maana Wakalkadoon, Waaborijini wa eneo hilo, waliufananisha na kangaruu.

Je, huo unahesabika kuwa mazoezi?

Ndiyo, kabisa. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au nusu yake yakiwa makali. Ukiweza kuongea lakini huwezi kuimba, uko kwenye wastani. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini, homoni inayoshusha sukari ya damu, inaposhindwa kufanya kazi vizuri, na faida hiyo huendelea kwa saa kadhaa baada ya mchezo.

Kwa nini wasiende tu jimu?

Wengine wanakwenda. Lakini jimu ina ada, huenda iko mbali, na mwanamke anaweza kujikuta peke yake huku akikodolewa macho. Tena wengi wanalea wajukuu, na kuiacha familia ili ukajishughulikie mwenyewe huonekana ubinafsi. Kwenye keentan mama anakuja na binti zake, shangazi na watoto. Anacheza mchezo wa watu wake, na hapo ndipo nguvu yake ilipo, kwa maana kwa Waaborijini afya ya mtu haitengwi na jamaa zake wala ardhi yake. Basi wazee wa kike wa mahali hapo waulizwe kwanza: mchezo upi, nani afundishe, na kama wanaume wawepo.

Na mwenye magoti mabovu?

Acheze kolap, mchezo wa Kisiwa cha Mer huko Torres Strait. Wachezaji wawili wawili hurusha kokwa kubwa kulenga mkeka. Hauchoshi, ila mtu anasimama, anainama na kunyoosha mkono badala ya kukaa kutwa.

Kuna hatari?

Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kucheza na awe na kitu kitamu karibu, kwani sukari inaweza kushuka ghafla. Mwenye ugonjwa wa moyo aongee kwanza na muuguzi wake. Maumivu ya kifua au kizunguzungu yakianza, aache papo hapo na apelekwe kutibiwa.