Pini ikigoma, acha nyundo: kufungua na kufunga kijiko cha nyuma cha trekta dogo

Msimu huu nimeitwa mara tatu kwenye mashamba ya parachichi huku Njombe kwa tatizo lilelile. Mitaro ya mabomba imekwisha kuchimbwa, mwenye shamba anataka kufunga pampu ya kupulizia dawa, na kijiko cha nyuma, yaani mkono wa kuchimbia, kimegoma kutoka. Mara zote tatu nimekuta nyundo chini na kichwa cha pini kimepondeka.

Kijiko cha trekta la nguvu za farasi 25 hivi kina uzito wa kilo 300 na kuendelea. Hakuna vijana wa kukibeba, na wala hawahitajiki, maana kina haidroliki ya kujinyanyua chenyewe. Kazi yako ni kukiweka mahali ambapo pini haibebi chochote.

Nazungumzia kijiko kinachokaa kwenye fremu iliyofungwa kwa bolti chini ya tumbo la trekta, chenye ndoano na pini mbili. Vipo pia vya kuning'iniza kwenye mikono ya nyuma ya kubebea jembe. Hivyo sivishauri kabisa kwa ardhi ngumu: ukichimba, nguvu inarudi juu, mkono wa juu ukikatika kijiko kinambana dereva kwenye usukani, na hata kasha la difu linaweza kupasuka.

Chagua sakafu ya zege au ardhi tambarare iliyoshindiliwa, tena kivulini. Jua likipiga paipu zilizofunguliwa, oili ndani inatanuka, na siku ya kurudisha, kapla (viungio vya paipu) hazitaingia hata usukume vipi. Shusha ndoo ya mbele hadi chini, funga hendibreki, weka vigingi kwenye magurudumu. Nyoosha mkono wa kijiko katikati, ndoo yake ikae chini. Kisha shusha miguu ya pembeni ya kijiko taratibu, injini ikiwa sailensa (inazunguka polepole bila mafuta ya ziada), hadi ianze tu kupokea uzito. Ukizidisha, unainua trekta zima na pini zinabanwa upande wa pili.

Hapo zima injini, shuka, toa klipu, uzungushe pini kwa vidole. Ikizunguka, itoe. Ikikataa, inakwambia bado ina mzigo. Rudi kwenye kiti, washa, gusa mguu wa upande huo kidogo, juu au chini, zima, jaribu tena. Upande mmoja unaweza kulegea na mwingine ukabaki umebana, kwa sababu ardhi haiko sawa. Ndiyo maana kila mguu una wenzo wake. Nimewahi kurudia mara sita, na bado ilikuwa haraka kuliko kuchonga pini mpya. Na tafadhali, usipime matundu kwa kidole kuona kama yamelingana. Chuma kikiteleza milimita chache tu, kidole kinakatika. Chungulia kwa tochi.

Pini zikitoka, tumia wenzo za kijiko kukiinua kitoke kwenye ndoano, kisha kitulie juu ya magogo yake. Hakikisha kila kitu kimekaa chini ndipo uzime injini na kusogeza wenzo zote kila upande ili presha iishe. Presha ya mfumo huu inafika PSI 2,000 na zaidi. Uvujaji wa tundu dogo kama la sindano unaweza kupenyeza oili chini ya ngozi, na jeraha hilo linaonekana dogo kumbe mkono unaharibika ndani. Tafuta uvujaji kwa kipande cha boksi, kamwe si kwa kiganja. Ikikupata, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Funga utepe wa rangi kwenye kila paipu kabla ya kuifungua. Halafu, kwa trekta ambazo kijiko kinalishwa na pampu ya trekta lenyewe, unganisha paipu ya kupeleka na ya kurudisha oili zenyewe kwa zenyewe pale kwenye trekta. Watu wengi husahau hapa. Oili ikikosa njia ya kurudi, pampu inanguruma, vali ya usalama inapiga kelele, oili inachemka, na mwenye trekta anadhani pampu imekufa.

Kurudisha ni rahisi kama uliacha kijiko kimekaa sawa. Rudi nyuma ukiwa umenyooka, simama karibu, zima, unganisha paipu kwanza baada ya kuzifuta vumbi. Kisha haidroliki ya kijiko ndiyo ishushe fremu kwenye ndoano. Pini ziingie kwa mkono, klipu zifuate. Usiondoke bila kuangalia kama kuna paipu iliyobanwa kati ya vyuma.

Kwa milima yetu, jambo moja zaidi. Kijiko kikitoka, nyuma ya trekta inakuwa nyepesi ghafla, na trekta dogo nyingi zina breki kwenye magurudumu ya nyuma tu. Ukibeba mbolea kwenye ndoo ya mbele ukishuka mteremko, magurudumu hayo yanaweza kuelea na breki isishike kitu. Funga uzito nyuma, bonyeza gia ya magurudumu manne, beba ndoo chini karibu na ardhi. Pini nazo zipake grisi, uzirudishe kwenye matundu ya kijiko palepale, klipu zikiwa zimefungwa.