Toleo la wakusanyaji ni nini? Tuzitazame filamu za mashetani na wafu kutoka vitabu vya katuni

Toleo la wakusanyaji ni nakala ya filamu inayouzwa ikiwa na kitu ambacho nakala ya kawaida haina. Kinaweza kuwa filamu iliyohaririwa upya, sauti ya mwongozaji akieleza kazi yake, vipande vilivyoachwa nje, kijitabu cha picha, kasha la chuma, au uchache tu wa nakala zenyewe. Wanunuzi wengi huanza na kasha kwa sababu ndilo linaloonekana likipangwa rafuni. Kwangu kasha huja mwisho. Kwanza nauliza: ndani ya diski hii kuna filamu ipi?

Swali hilo lina uzito zaidi kwa filamu za vitabu vya katuni zinazohusu jehanamu, mapepo na wafu wanaofufuka. Studio hutaka daraja la umri litakalowaingiza vijana sinema. Hadithi yenyewe, kwa upande wake, inadai damu na vitisho. Mvutano huo huishia kwenye meza ya uhariri, na kilichokatwa hapo mara nyingi hurudi kupitia video. Spawn ya mwaka 1997 ilionyeshwa Marekani kwa daraja la PG-13, linaloruhusu vijana kuingia, halafu toleo la mwongozaji likatoka kwenye video likiwa na daraja la R, ambalo ni kali zaidi: aliye chini ya miaka 17 huandamana na mtu mzima. Jina moja, filamu mbili.

Hellboy ya Guillermo del Toro, iliyotokana na katuni za Mike Mignola, ilikuwa na dakika 122 ilipoingia sinema mwaka 2004. Katikati ya mwaka huo ikatoka DVD ya diski mbili yenye filamu ile ile ya sinema. Kabla mwaka haujaisha likafuata toleo la mwongozaji la diski tatu, lenye dakika 132. Dakika kumi zinaonekana chache, lakini hazikutumika kuongeza ngumi; zinawapa wahusika nafasi ya kupumua na kuzungumza, na ndipo unapomwelewa yule shetani mwekundu kama mtoto aliyelelewa na binadamu. Hilo ndilo toleo ninalompendekezea yeyote anayetaka nakala moja tu ya filamu hii.

Blade ya mwaka 1998, kuhusu mwindaji wa vampaya (wafu wanyonya damu), inafundisha kwa njia nyingine. Awali, katika pambano la mwisho, adui aligeuka kimbunga cha damu. Watazamaji wa majaribio hawakuridhika, na mwisho mpya ukapigwa: mapigano ya panga, mtu kwa mtu. Mwisho ule wa kwanza uliwekwa kwenye DVD kama nyongeza. Ukiutazama, ukatazama na ule ulioshinda, unaona kwa macho yako kwa nini mtu anayempinga Blade ana kishindo kuliko wingu linalozunguka. Nyongeza ya aina hii ina thamani kuliko postikadi zote zinazofungwa ndani ya makasha ya bei kubwa.

Wakati mwingine nakala huwa ya wakusanyaji bila aliyeitoa kukusudia. Swamp Thing ya Wes Craven ni ya mwaka 1982, na Marekani ilikuwa na daraja la PG, linaloruhusu watoto kwa ushauri wa mzazi. Studio ya MGM ilipoitoa kwa DVD mwaka 2000, jalada lilisema PG lakini diski ilibeba toleo refu la nje ya Marekani, lenye utupu. Malalamiko yakafika, na mwaka 2002 kampuni ikaziondoa sokoni. Zilizokuwa zimeshanunuliwa zikawa zinasakwa. Kwa nje ilikuwa DVD ya kawaida kabisa, haina chuma wala dhahabu.

Ubora wa picha nao ni sehemu ya maana ya toleo. Filamu hizi hupenda usiku, moshi na mvua, na giza ndipo picha iliyobanwa sana inapoumbuka: weusi hukatika vipandevipande vya miraba. DVD ya tabaka mbili hubeba gigabaiti 8.5, Blu-ray, aina ya diski iliyoifuata DVD, ya tabaka mbili 50, na diski ya 4K, yenye picha kali zaidi, hufika 100. The Crow, ambayo mwigizaji wake mkuu Brandon Lee alifariki kwa ajali wakati wa upigaji mwaka 1993, iliingia sinema mwaka uliofuata na ikatolewa kwa 4K mwaka 2024, ilipotimiza miaka 30. Kwa filamu ambayo karibu yote ni mji wenye giza na mvua, hiyo ni sababu tosha ya kununua upya.

Sasa kasha. SteelBook ni chapa ya makasha ya chuma yenye michoro iliyochapwa juu yake, na filamu za katuni hunufaika nayo kwa kuwa zina hazina ya michoro. Kuna pia jalada la nje la karatasi ngumu, ambalo mara nyingi hutolewa na nakala za mwanzo pekee. Vitu hivi ni vizuri, sivibezi. Ila kasha jipya likiwa na diski ile ile ya zamani, umenunua kasha.

Kabla ya kulipa, soma mgongo wa jalada: urefu wa filamu kwa dakika, idadi ya diski, na kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezwa kuchezwa. DVD hugawanywa kwa kanda zenye namba, Blu-ray kwa herufi A, B na C. Diski za 4K hazifungwi kwa kanda, lakini Blu-ray iliyowekwa pamoja nayo kwenye kasha inaweza kufungwa, na mara nyingi nyongeza zote ziko humo.